Kisamaki cha Mlangoni

Soma hii, kisha mtumie yule aliyekuambia "tutakupigia" na mpaka leo simu yake haijaita.

Meneja wa hoteli moja ya ufuoni alitaka afisa wa kupunguza wafanyakazi. Nafasi moja. Wakaja graduates watano, mmoja wao Kadzo, digrii ya uvuvi, mwaka wa nne anasaga lami akisaka kazi. Nyumbani mama alishawatangazia majirani kwamba leo ni leo.

Meneja, Bwana Mwakio, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono mfukoni, akawapanga mbele ya tangi la kioo pale mapokezi. Ndani, kamba mmoja alikuwa akichimba shimo, anatoa mchanga kama kuli. Mlangoni pa shimo kimesimama kisamaki, urefu hata kidole hakifiki. Hakichimbi, hakibebi.

"Nani humu anakula bure? Mwenye jibu anaanza kazi leo."

"Huyo aliyesimama!" wanne wakadakia.

Kadzo alijua jibu linalotakiwa. Alijua pia samaki.

"Hakuna, bosi. Huyo kamba haoni vizuri. Tazama sharubu lake, halibanduki kwa samaki. Adui akija, samaki anatikisa mkia, wote ndani."

"Dadangu, nimekuita intavyu, si kunifundisha biology." Meneja akaagiza kisamaki kitolewe kwa wavu.

Kamba akajifungia. Saa nzima ikapita, kazi imelala, mchanga unaporomoka mlangoni. Kisamaki kiliporudishwa, punde sharubu likatokeza, likakigusa mgongo, uchimbaji ukaendelea.

Kadzo akatabasamu. Mapema mno.

"Samaki unawajua," meneja akasema. "Mimi natafuta mtu wa kufyeka. We'll get back to you, tutakupigia."

Kazi akapewa Dalmas, aliyepiga kelele kuliko wote.

Dalmas akazunguka hoteli siku tatu na daftari lake. Ripoti ikaenda moja kwa moja kwa wenye hoteli: "Wote wanafanya kazi, isipokuwa mwanamume mmoja anayesimama mlango wa mapokezi kutwa kucha, mikono mfukoni."

Ijumaa Bwana Mwakio akatoka na boksi la vitu vyake, kazi hana tena. Pale getini akaisaka namba kwenye ile CV ya Kadzo.

"Dadangu, tafadhali njoo uwaeleze hawa wakubwa ile habari ya samaki."

"Bosi," Kadzo akamjibu, "we'll get back to you."

Funzo: Kabla hujamwita mtu mzigo kwa kuwa amesimama tu, uliza ni nani anayethubutu kutoka shimoni kwa sababu yake. Na usimfungie mlango mtu pekee ambaye angekutetea.