Njia Iliyolaliwa

Njia ya asubuhi huombwa jioni. Ndivyo baba yenu alivyomwambia mwenzenu Hamdani hivi punde, kisha akaenda zake kuoga, nanyi mmebaki mnanitazama mimi kana kwamba nimeitunga. Sikuitunga, wajukuu zangu. Lakini nilikuwepo iliposemwa mara ya kwanza, nimeegemea mito kwenye kiti cha nyuma cha gari, na mwanzo wake ni huu.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na moyo wangu ulikuwa mbovu. Nikitoka chumbani kwenda uani ilinibidi nikae chini nipumue kwanza. Madaktari walisema kuna mlango ndani ya moyo usiofunga sawasawa, na hospitali moja ya India ikakubali kuutengeneza. Tukapewa siku. Tukiikosa, tungerudi mwisho wa foleni, na daktari alimwambia mama bila kuficha kwamba moyo ule hautaisubiri foleni.

Ndege yetu ilikuwa ya asubuhi sana, kwa hiyo ilitupasa kufika uwanja wa ndege kabla hakujapambazuka. Mjomba Mwinshehe alileta gari lake siku moja kabla, akaliingiza uani kwetu, ili alfajiri tusihangaike kutafuta teksi. Tulikuwa tunakaa Tandika, ndani kabisa ya kichochoro. Upande mmoja kilitokea barabarani, upande wa pili kiliishia kwenye mtaro.

Mchana wa siku hiyohiyo, jirani yetu Mzee Pazi, Mzaramo, akafariki. Nyumba yake ilikuwa katikati ya kichochoro, baina yetu na barabara. Kufikia alasiri maturubai yalikuwa yanafungwa, majamvi yanatandikwa, na mafiga ya kupikia yamekwisha kupangwa. Gari likawa limefungiwa ndani.

Mama alijitanda kanga, akamwambia baba, "Nakwenda msibani. Nikishatoa pole, nitaomba njia."

Baba alishtuka. "Mama Tatu, mtu kafiwa leo, maiti bado iko ndani, wewe ukamweleze habari za gari?"

"Sitaanza na gari. Nitaanza na pole."

"Watasema hatuna haya. Tusubiri. Alfajiri nitatoka mwenyewe, nizungumze na wanaume taratibu."

Sikumlaumu baba, na wala sasa simlaumu. Alikuwa mtu wa heshima, na aliona kunyamaza ndiyo heshima. Mama naye hakubishana. Alitoka tu.

Aliyoyakuta alinisimulia baadaye. Alimkumbatia mjane, Bi. Chausiku, wakalia pamoja. Walipotulia, mama akamwinamia sikioni, akamweleza. Wanawake waliokaa karibu walisikia. Mmoja akaguna, "Makubwa! Hata eda mwenzetu hajaanza, watu washataka njia!" Bi. Chausiku akamgeukia mama. Akamuuliza, "Ni yule Tatu wa moyo?" Mama akaitikia. Bi. Chausiku akasema, "Nimesikia." Basi.

Baba alimngojea mlangoni. "Wamesemaje?"

"Bi. Chausiku amesema amesikia."

"Amesikia tu?"

"Amesikia tu."

Hakuna aliyepata usingizi wa maana. Tulisikia magari yakishusha ndugu wa marehemu kutoka shamba, vilio vikipanda upya kila walipoingia. Ulipofika wakati wa kuondoka, baba alitoka na tochi kutazama. Alirudi uso umemshuka.

"Wamelala njia nzima," alisema. "Hakuna pa kuweka mguu, sembuse gurudumu. Tumlaze Tatu kitandani, tumbebe mpaka barabarani."

Mama alisimama mbele yangu. "Umpitishe mwanangu msibani amelala, amefunikwa shuka, watu wanne wamembeba? Hapana, Baba Tatu. Mwanangu atapita ameketi."

Baba naye akaona kile mama alichokiona, akamwita mjomba.

Mjomba akawasha gari, taa kaziinamisha. Baba alitangulia kwa miguu. Tulikwenda kwa mwendo wa mtu mzima anayetafuta sindano, mpaka turubai la kwanza. Hapo palikuwa na mzee amelala amekingama, mkeka wake umeziba katikati ya njia. Nyuma yake wamelala wengine, mmoja baada ya mmoja, kama magogo yaliyopangwa.

Mzee akafungua jicho moja. "Nani huyo anataka kunisaga kama mahindi?"

"Samahani sana, mzee," baba alisema. "Tuna mgonjwa. Tunawahi ndege."

"Ni yule mgonjwa wa Bi. Chausiku?"

"Ndiye."

"Sasa mbona mmechelewa?" Mzee aliketi, akajishika kiuno. "Tangu jana nimelala juu ya njia yenu, mbavu zote zinauma. Hawa Wazaramo wakiona nafasi ya kiganja wanatandika mkeka! Kila aliyekuja nilimwambia, hapa pana mwenyewe. Wakaninunia. Waninunie, mimi mtani wao, watanifanya nini?"

Aliitwa Mzee Kapaya, Mnyamwezi wa Tabora. Nanyi mnajua, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ya kusema na kutenda ambayo hata ndugu wa marehemu hana. Bi. Chausiku alikuwa amemwita jioni ile, akamkabidhi neno la mama. Ndugu angeona haya kuwazuia wageni wa msiba wasijinyooshe. Kapaya hakuona.

Aligeuka nyuma, akapaza sauti kidogo. "Haya, magunia ya Unyamwezi, amkeni! Mzigo umefika!"

Wale waliolala katikati, Wanyamwezi wenzake aliowapanga kuishika njia, wakainuka mmoja mmoja, wanakunja mikeka yao. Ndipo tukaona. Nguzo za maturubai zilikuwa zimesogezwa pembeni tangu jioni, mafiga yamehamishiwa ukutani, na chini ya wale watu kulikuwa na njia, pana kiasi cha gari moja, imenyooka mpaka barabarani.

Baba alimshika mzee mkono. "Nami nilikuwa nimepanga kuja kuiomba alfajiri hii."

"Ungeiomba sasa ningekupa nini?" alisema Kapaya. "Ningekupa watu wa kuwaamsha na kamba za kufungua, na ndege iko mbioni. Njia ya asubuhi huombwa jioni, bwana. Mkeo aliiomba jioni, nikapata muda wa kuilalia."

Gari lilipompita, aliinama dirishani kwangu. "Wewe binti, ukirudi uje kwa miguu. Mimi silali chini tena kwa ajili yako."

Nilipita msibani nimeketi, nacheka, na mama ananifinya niache.

Uwanja wa ndege tulikuta foleni bado ipo. Nilipoletewa kiti cha magurudumu na mizigo yetu ikapokewa, baba alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akatoa pumzi ndefu ambayo nadhani aliizuia tangu alasiri.

Niliporudi, nilimwomba mjomba asimamishe gari barabarani. Nikakitembea kichochoro kile chote bila kukaa chini hata mara moja, nikaingia kwa Bi. Chausiku, ambaye bado alikuwa edani, nikampa pole yangu mwenyewe. Nikamwomba radhi kwa usumbufu wa siku ile.

"Usumbufu gani?" aliniuliza. "Siku ile kila aliyeingia alinipa pole, nami sikuwa na la kufanya ila kulia. Mama yako peke yake ndiye aliyenipa jambo la kufanya."

Basi, Hamdani, ndege yako ni ya kesho alfajiri, na lori la jirani limelala mbele ya geti letu. Unasema unaona haya kumgongea, utampigia simu ukiamka. Jua bado lipo, mwanangu. Vaa viatu. Njia ya asubuhi huombwa jioni.