Shamba la Pamba la Nyanjige

Tajiri Masalu alitaka kujenga kiwanda kwenye shamba la mjane Nyanjige.

"Kilimo hakiendelezi nchi," alisema mbele ya kijiji. "Kesho nalichukua."

"Sawa, mzee," Nyanjige alijibu. "Ila usije na chochote kilichotoka shamba lolote."

"Nakubali! Nitakuja mikono mitupu."

Kesho yake watu walijaa kutazama.

"Shati lako ni la pamba," Nyanjige alisema. "Suruali pia."

Masalu alirudi kwake akifoka, akaja tena amejifunga mabati, yakimgonga magoti.

"Haya, nipe shamba!"

"Karibu, mzee. Asubuhi umekula nini?"

"Chapati tatu."

"Basi subiri hapo nje ya mpaka hadi zitoke."

Alisubiri hadi adhuhuri. Njaa ikamshinda, akaenda kula ugali.