Karani na Mkono wa Mzee Mrisho

“Kobe hazikwi, hulazwa.” Mmeusikia msemo huu asubuhi kwenye mashine ya kusaga, mkarudi na unga na maswali. Haya, tueni ndoo, mkae. Na karanga hizi zisibaki zikinitazama, menyeni huku mnasikiliza. Msemo huu una wenyewe, na hata kaburi lake lipo mpaka leo. Ulianza hivi.

Hapa hapa kwetu Kondoa, upande wa mlimani, alikuwapo Mzee Mberwa aliyefuga kobe. Kobe huyo alimwita Karani, kwa sababu ukimpelekea shida yako anakutazama, anafikiri, kisha anageuka na kwenda zake. Alimwokota shambani mwaka aliofiwa na mkewe, gamba limepasuliwa na jembe la mtu. Aliziba ule ufa kwa nta ya nyuki, akawa anamtafutia majani kila siku. Majirani walisema kobe ndiye aliyemtoa mzee kitandani mwaka ule, maana mnyama akitaka majani hangoji umalize kulia.

Sasa mwaka mmoja Mzee Mberwa aliteleza mtoni, akavunjika nyonga. Bintiye Mwasiti aliitwa kutoka kwa mumewe, kijiji cha Bereko, aje ashike nyumba wakati baba yake akipelekwa hospitali kubwa Dodoma. Gari lilipokuwa linawashwa, mzee alitoa kichwa dirishani.

“Mwasiti! Kipupwe kikiingia, Karani um...”

Injini ikanguruma, vumbi likatimka. Mwasiti alisikia “umlishe.” Akapunga mkono, akaitikia, “Nitamlisha, Baba!” na gari likaondoka.

Jamani, Mwasiti alikuwa mtoto mwenye utii. Alijua baba yake hana kingine cha kurudia katika nyumba ile ila yeye mwenyewe na mnyama yule, na yeye mwenyewe ni mke wa mtu, siku moja atarudi kwake. Aliogopa Karani asije akatoroka au akaliwa na mbwa. Kwa hiyo akaamua kumjengea ua.

Ua wa kwanza ulikuwa wa fito. Karani aliona majani upande wa pili, akawa anasukuma fito kutwa nzima mpaka pua ikachubuka. Mzee Mrisho, jirani yao, ndiye mchimba makaburi wa kijiji na mdomo wake mkali kuliko jembe lake. Alipita akacheka.

“Binti yangu, umemfungia mnyama mbele ya duka. Anachokiona atakitaka. Mzibie asione.”

Mwasiti alibomoa, akajenga upya kwa matofali ya udongo, akayazamisha ardhini shubiri nzima ili Karani asichimbe akapita chini. Nusu ya ua aliiacha juani, nusu akaiezeka kwa majani. Akaweka kigae cha chungu chenye maji, akapanda mchicha pembeni. Karani akatulia. Mwasiti alijisikia fahari, na ilikuwa haki yake.

Kisha kipupwe kikaingia. Nyasi zikakauka, upepo wa mlimani ukawa unakata masikio, na Karani akaacha kula. Mwasiti alimpa nyanya, akazikataa. Alimpa papai, akalipa mgongo. Alikumbuka ahadi yake ya kumlisha, akazidi kumbembeleza. Kila akimwona amejikunyata kwenye kona ya ua, alimbeba na kumweka karibu na mafiga ya jikoni. Pale Karani alipata joto, akafumbua macho, akatembea kidogo, lakini kula hali. Siku baada ya siku akawa mwepesi mkononi. Mwasiti alikonda pamoja naye.

Asubuhi moja alimkuta baridi kama jiwe la kusagia. Alimgusa mguu, haukurudi ndani. Akamwita kwa jina, akamtikisa, akamwagia maji. Hakuna. Mwasiti alikaa chini akalia kwa sauti, mpaka Mzee Mrisho akaja mbio akidhani taarifa imefika kutoka Dodoma.

“Nitamwambia nini Baba?” Mwasiti alisema. “Kitu kimoja aliniachia, nacho nimekiua.”

Mzee Mrisho alitaka kusema neno lake la ukali, akalimeza. Akaenda kuchukua jembe.

Alikusudia kuchimba shimo tu, pale pale uani, chini ya lile paa la majani. Lakini mtu aliyechimba makaburi miaka thelathini mkono wake haumsikilizi tena. Alipofika kina cha goti, mkono ukageukia pembeni wenyewe, ukamchongea Karani mwanandani, kile kijumba cha ubavuni tunachomlaza maiti ili udongo usimwangukie. Alipogutuka, kazi ilikuwa imekwisha.

“Astaghfirullahi,” alisema akijifuta jasho. “Nimemchimbia kobe kama shehe! Mwasiti, jambo hili lisitoke nje ya ua huu.”

Mwasiti alitandika majani makavu, akamlaza Karani mle ndani. Wakaziba mlango wa mwanandani kwa vijiti na nyasi, wakarudishia udongo bila kuushindilia. Jambo lenyewe lilitoka siku ile ile, mwajua kijiji. Watu walimtania Mzee Mrisho kisimani na barazani, wakimuuliza kama Karani ameacha wosia.

Mwezi uliofuata Mwasiti alikwenda Dodoma. Alimkuta baba yake amelala chali, mguu umefungwa uzito wa kuunyoosha, uso umepungua. Kabla hata ya kujibu salamu aliuliza:

“Karani hajambo?”

Mwasiti aliyatafuta maneno njia nzima, na sasa yote yakamkimbia. Likabaki moja.

“Amelala, Baba.”

Mzee Mberwa akafumba macho, akatabasamu.

“Ahsante, mwanangu. Kumbe ulinisikia.”

Maneno hayo yalimchoma Mwasiti. Hakuyaelewa, ila alijua amemdanganya mgonjwa na mgonjwa amemshukuru. Alirudi nyumbani nayo kifuani, na kila alipofagia ua alilikwepa lile kaburi kwa macho.

Mzee Mberwa alirudi mwishoni mwa Novemba kwa magongo mawili, siku mbili baada ya mvua ya kwanza kubwa. Mzee Mrisho alikuwapo kumpokea. Mzee Mberwa hakutaka chai wala kiti.

“Nipelekeni kwa Karani.”

Mwasiti akapiga magoti mbele yake.

“Baba, nisamehe. Nilikudanganya. Nilimlisha kama ulivyoniagiza, akakataa, akafa. Tulimzika.”

“Kama nilivyokuagiza? Mimi nilisema umlishe?” Mzee aliuliza. “Nilisema umlaze! Kobe wetu kipupwe hali. Anatafuta shimo kavu, anapoa, analala hadi mvua. Ukimweka motoni ndipo unapomuua, kwa sababu anakuwa macho na tumbo tupu.” Kisha akawageukia wote wawili. “Mlimzikaje?”

Mzee Mrisho akatazama chini.

“Usinicheke, Mberwa. Mkono ulinipita. Nilimtilia mwanandani.”

“Mwanandani? Mkavu?”

“Mkavu, una majani, udongo haukumgusa.”

Mzee Mberwa aligeuka. Aliyashika magongo, akaelekea uani kwa haraka ambayo daktari alikuwa amemkataza. Mwasiti alimfuata akiwa amemshika kiuno asianguke.

Udongo wa kaburi ulikuwa umefumuka. Katikati palikuwa na tundu, na kutoka kwenye tundu nyayo ndogo zilielekea kwenye kigae cha maji. Hapo alisimama Karani, matope mgongoni, ufa wake wa nta uking’aa, shingo ameinyoosha anakunywa. Alikunywa muda mrefu. Kisha akainua kichwa, akawatazama wote watatu, akafikiri, akageuka, akaenda zake kwenye mchicha.

Mzee Mberwa alicheka na machozi yanamtoka. Mwasiti alimshika Mzee Mrisho mkono, ule ule wa kulia wenye sugu, akaubusu.

“Baba yangu Mrisho, sina cha kukulipa.”

“Usinishukuru mimi,” alisema yule mzee, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na miba. “Mimi nilichimba kaburi. Aliyeligeuza kuwa kitanda, tumshukuru Yeye.”

“Kobe hazikwi, Mrisho,” akasema Mzee Mberwa. “Hulazwa.”

Tangu hapo, kila kipupwe kikiingia, Mwasiti alikuja kutoka Bereko kumlaza Karani kwenye mwanandani wake, na kila mvua ya kwanza alikuja kumwamsha. Na watu wakaanza kuutumia msemo kwa wanadamu. Ndiyo maana leo asubuhi, mlipouliza kwa nini fundi cherehani hajafungua mlango tangu afiwe, na mmoja wenu akasema huyo amekwisha, yule mama wa mashine aliwajibu vile. Mpelekeeni karanga hizi, zile zilizomenywa vizuri. Msigonge kwa nguvu. Ziacheni mlangoni, mtoe salamu, mrudi. Kobe hazikwi, hulazwa.