Pimbi Walivyokwenda Kumwona Chui

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati mbugani kulikuwa bado na adabu, kila mwana wa mnyama mdogo akishaota meno alipelekwa kuwaona wanyama wa hatari, ili awajue na awaogope ipasavyo. Siku hiyo mgeni haliwi. Ndiyo ilikuwa desturi.

Basi Bi Pimbi akamshika mkono binti yake, Nyamvula, wakaenda. Wakamwona Mamba akipanua kinywa, wakamsikia Kiboko akinguruma majini, mbuuu! Nyamvula macho yakamtoka pima.

"Mama! Kumbe duniani kuna watu wakubwa hivi?"

"Bado Chui, mwanangu."

Wakafika pangoni. "Hodi!"

"Karibuni, karibuni wageni wangu!"

Walipoingia tu, Chui akaburuta gogo, kru! kru! akaziba mlango.

"Desturi ni njema," akasema akijilamba midomo, "ila njaa haina desturi."

Nyamvula akajificha nyuma ya mama yake. Bi Pimbi naye moyo ulimdunda, du! du! du! lakini uso akaukaza. Akamgeukia binti yake.

"Pole, mwanangu, nimekuchosha bure. Huyu si wa hatari. Anakamata wageni waliomo ndani ya nyumba yake! Hilo hata paka analiweza."

"Ati nini?" Chui akafoka.

"Usikasirike, Bwana Chui. Tuliambiwa wewe hupandisha mtini mzigo unaokuzidi uzito. Basi tena, watu husema mengi. Kigogo hiki tu umekiburuta ukihema."

"Niheme mimi? Tazameni!"

Akalikamata gogo kwa meno, shingo ikamtuna, akachupa nje hadi kwenye mgunga. Kwaru! kwaru! kwaru! Huyoo, anapanda nalo!

Nyamvula akasahau hofu yote. Akasimama mlangoni kinywa wazi. Tangu azaliwe hajaona nguvu nzuri kama ile.

"Mama, kumbe ni kweli! Anaweza!"

"Anaweza sana, mwanangu. Tutamsifu tukifika nyumbani. Kimbia!"

Fyuu! Wakajipenyeza kwenye ufa wa jabali, mwembamba hata kichwa cha Chui hakipiti, na wa kina hata ukucha wake haufiki.

Kule juu, Chui akalipachika gogo kwenye panda ya mti, akavuta pumzi. "Haya, wageni, mmeonaje?"

Akatazama chini. Pango wazi, wageni hakuna.

"Tumeona, Bwana Chui!" sauti ndogo ya Nyamvula ikatoka ufani. "Wewe ni wa hatari kweli! Ndiyo maana hatuji tena!"

Mpenda sifa, wanangu, huufungua mwenyewe mlango alioufunga.