Kwa Nini Watu wa Mzingati Hujibu Kwanza

Zamani hizo, watu wa Mzingati waliamini kwamba neno likipindishwa, maziwa huharibika kibuyuni. Kwa hiyo mtu akikosea kutamka alikatizwa hapo hapo, akarudishwa nyuma mpaka aseme sawasawa.

Nyamizi aliolewa huko akitokea ng'ambo ya milima, na kwao hakuna anayetamka "r". Siku za mwanzo alicheka pamoja nao. Baadaye alichoka. Akitaka karanga, alionyesha kwa kidole. Jirani mmoja aliitwa Marero, na Nyamizi hakumwita kwa jina kabisa. Alimfuata mpaka mlangoni. Mama mkwe wake, Bibi Kilumbi, alisema mkwe wake ni mpole. Hakujua kwamba ni aibu.

Msimu wa kuvuna mpunga, watu wote walikuwa bondeni. Nyamizi alikwenda kuokota kuni upande wa juu, akaona mto umegeuka tope, unabeba miti mizima na mizizi yake. Alitupa kuni akakimbia.

"Mto umefula! Tokeni! Mto umefula!"

Vicheko vikazuka. Mzee Mgaya, msemaji wa kijiji, akainua mkono. "Umefura, mwanangu. Taratibu. Fu-ra."

Nyamizi alijaribu. Ulimi ulikataa, machozi yakamtoka. Basi akaacha kusema. Alimwendea mama mkwe wake, mtu ambaye kwa heshima hakuwahi hata kumgusa bega, akambeba mgongoni na kupanda naye kilimani. Watu walishangaa, kisha wakasikia ngurumo ya maji, wakamfuata mbio.

Mpunga wote ulikwenda na maji. Mzee Mgaya, ambaye miguu yake ilikuwa mizito, hakuonekana tena.

Matangani, Nyamizi alilia kuliko wengi, akiona kwamba ulimi wake ndio uliomuua mzee. Bibi Kilumbi akasimama mbele ya watu.

"Mkwe wangu alisema mto umefula. Nani hapa hakuelewa?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Sote tulielewa. Sasa tulikuwa tunangoja nini?"

Kuanzia matanga hayo hadi leo, mgeni akizungumza huko Mzingati kwa matamshi ya kwao alikotoka, hujibiwa kwanza alichokisema. Wanaocheka wapo, watu ni watu. Ila hucheka baada ya kujibu, na mgeni hucheka nao.