Ufa Nyuma ya Kabati

“Wahama mlango umeukomea, mwenzangu, kwani umeiba?”

“Niondokee, Bi Riziki! Huna kwako?”

“Ninako, tena mlango wake u wazi!”

Mnauliza tumeitoa wapi ile methali, ahamaye mlango wazi hasingiziwi ufa. Basi ilianzia kwenye ugomvi huo, ukumbini mwa nyumba ya wapangaji kule Majengo. Mwanasiti, mjane, ndiye aliyekuwa akihama; Riziki ni jirani wa chumba cha pili. Tangu aingie hakuwahi kumkaribisha jirani hata mmoja. Alichelea macho yetu, na zaidi midomo yetu, na hapo sikumlaumu. Hata kufungasha alifungasha peke yake.

Akaja mwenye nyumba, Mzee Shekuwe, kukagua chumba. Kabati liliposogezwa, ufa huo, kuanzia dirishani hadi chini.

“Ukuta umeupasua. Dipoziti yako itamlipa fundi.”

“Niliukuta, baba! Pesa hiyo ndiyo ya kuingilia kule niendako. Nisipoipata leo, mimi na mwanangu tutalala wapi?”

“Ulipoingia, nani aliuona?”

Mwanasiti akatazama ukumbini. Tulikuwa tumejaa pale, wala hakuna aliyewahi kuvuka kizingiti chake. Machozi yakamlenga. Akamgeukia Riziki.

“Dada, hebu ingia utazame.”

Riziki akavua ndara, akaingia. Akachuchumaa ukutani, akapenyeza kidole ufani, akavuta kipande cha leso kilichopauka.

“Mzee, Bi Fumo, mpangaji wa kabla yake, alipofia humu, tuliomwosha ni sisi. Ufa huu niliuziba kwa leso yangu, maiti asichunguliwe. Nawe ulikuwa hapo nje, unangoja jeneza. Wakati huo huyu Mwanasiti hata hatujamjua.”

Mzee Shekuwe akakitazama kile kitambaa. Akavua kofia, akamwombea marehemu. Kisha akatoa pesa, akamkabidhi Mwanasiti mbele yetu sote.

“Dada, nisamehe,” Mwanasiti akasema.

“Mshukuru marehemu, ndiye aliyekuachia ushahidi. Uendako, siku ya kuingia na siku ya kutoka, waite majirani waone kuta zilivyo. Ahamaye mlango wazi hasingiziwi ufa.”

Akainua pazia la chumba chake.

“Mkokoteni wa mizigo utangoja. Mwite mtoto, karibuni ndani tule.”