Ijumaa za Nufaili

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Hadhramauti paliishi mfuma nguo aitwaye Nufaili bin Asadi, mcha Mungu aliyesifika kwa sijda ndefu. Alikuwa na mdogo wake, Razini, baba mmoja mama mmoja, na mwaka wa saba huo hawakusemezana. Kisa chake ni kwamba Nufaili alipokuwa safarini, Razini alimwozesha dada yao bila ya kumngoja kaka mtu, ambaye ndiye walii, mwenye haki ya kumwozesha. Ndoa ilijaa heri, lakini Nufaili moyo wake uliota kutu.

Kila Ijumaa asubuhi Razini alikuja kupiga hodi kuomba radhi. Nufaili, akishaitambua sauti, huacha kufuma, akatandika msala na kuhirimia sala ya sunna kwa takbiri ya kusikika mlangoni. Nani atamkatiza mtu aliye mbele ya Mola wake? Akirefusha rukuu, akirefusha sijda, mpaka asikie nyayo za nduguye zikiondoka. Tusifichane, waumini: mtu huyu alijificha nyuma ya ibada.

Ijumaa moja hodi haikuja. Homa ilikuwa imemchukua Razini kwa siku mbili tu.

Baada ya maziko Nufaili alikwenda kumpa pole mjane, Bibi Umaima, aliyekaa eda nyuma ya pazia. Mjane akamwambia, "Shemeji, marehemu alikupenda. Kila akitoka kwako alituambia, 'Nimemkuta kaka yumo kwenye sala. Bila shaka ananiombea.'"

Sifa ile ilimchoma Nufaili kuliko tusi. Angaliweza kunyamaza, akabaki na heshima yake mbele ya wana wa nduguye. Akalia, kisha akasema, "Umaima, sikuwa nikimwombea. Nilikuwa nikimkimbia."



"Mimi nimekusamehe," mjane akasema, "maana watoto hawa hawana mzee mwingine ila wewe, wala sitaki wafiwe mara ya pili. Lakini radhi ya mume wangu sina mamlaka ya kuitoa."

Nufaili akawalea wale watoto kwa mapenzi, wakampenda. Radhi aliyoitaka hakuipata duniani.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Basi mwenye ndugu mlangoni leo na amfungulie kwanza. Sunna itangoja.